Jina Lililokatazwa Kwenye Foni

"Ile simu haitoki mu sanduku," Mama Serge alisema. "Nilisema jana, nasema leo, na kesho ukiuliza tena nitasema vile vile."

"Mama, kujiandikisha kwa mtihani kunafungwa juma hili."

"Kufungwe."

"Nikikosa, mwaka wangu wote umekufa."

"Kaka yako ndiye alikufa, Aurélie. Mwaka hauna mama wa kuulilia."

Mama Serge aliinua mchi na kuendelea kutwanga sombe, kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka majani yakaruka nje ya kinu. Hakuyaokota.

Ilikuwa siku ya kumaliza kilio cha Serge. Mbele ya nyumba kulijaa mikeka na viti vya kuazima. Watu wa Kabambare walikuwa wanaanza kufika, na ndugu wa Lusangi walikuwa wamelala pale pale tangu jana. Si siku ya kugombana juu ya simu. Lakini Aurélie hakuwa na siku nyingine.

Kwenye moto alikuwapo mwanamke wa tatu, Benita. Alikuwa mwalimu katika shule ya Serge. Ukuta mmoja tu ulitenganisha madarasa yao. Tangu kilio kianze, Benita alikuja kila siku. Alichota maji, akaosha sufuria, akarudi kwake bila maneno mengi. Mama Serge alimpenda kwa sababu hiyo.

"Benita, mwambie huyu mdogo wako," Mama Serge alisema. "Wewe uko mwalimu. Mutu anaweza kusoma mu simu mpaka apate diploma?"

Benita hakuinua macho. "Mama, bugali inakauka," alijibu, akaongeza maji kwenye sufuria. Kisha akachukua beseni la vyombo na kwenda kuwahudumia wageni.

*

Serge alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Placide na mkewe. Alifundisha shule ya msingi, na watu wote walimwita Mwalimu, hata bibi waliomzidi mama yake umri. Alitaka kuongeza masomo ili siku moja aongoze shule. Lakini vyuo viko mbali, na njia za kwetu zinajulikana. Hakutaka kuwaacha wanafunzi wake, wala wazazi wake, wala shamba la mpunga.

Ndipo alipojiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa mtandao. Masomo yalifika kwenye simu. Serge aliyasoma, akafanya TP, yaani kazi ambazo mwanafunzi anawapelekea walimu wake. Kila TP ilikuwa na tarehe. Tarehe ikipita, maksi zinapotea.

Siku alipowaambia wazazi habari hiyo, mama yake alifunga mlango kwanza. Kisha akamkataza kumwambia mtu yeyote.

Nyumba ile iliishi hivyo. Mimba haikutajwa mpaka kila mtu aione. Safari haikutangazwa mpaka msafiri afike. Mama Serge alikuwa na sababu yake. Zamani mdogo wake wa kiume alipata ahadi ya kazi Kindu. Watu wakasherehekea, wakamwimbia. Kabla hajaondoka, akaugua, na hakuinuka tena. Tangu hapo Mama Serge aliamini kwamba vinywa vya watu vinaharibu jambo ambalo halijaisha.

"Diploma ikifika mukononi tutachinja mbuzi, na kila mutu atajua," alimwambia Serge. "Kwa sasa funga kinywa."

Serge akafunga. Yeye pia alikuwa na sababu yake. Mtu anayeitwa Mwalimu na mji mzima anaona haya kuuliza.

Jioni alipanda kilima nyuma ya soko kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu. Walipomuuliza anafanya nini kule juu, alisema anamsalimia shangazi yake wa Kindu. Vijana walicheka. Walisema huyo shangazi anapendwa kuliko bibi arusi. Somo likimshinda, alilisoma tena peke yake, kisha tena, mpaka macho yakawa mekundu. Hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapa umepotea, rudi nyuma kidogo." Mwaka wa pili alimwingiza Aurélie katika chuo kile kile. Naye akamwambia lile neno la mama: funga kinywa.

Mvua ilipokuja kwa nguvu, antena ya simu ya Kabambare ilizimika. Serge alikuwa na TP iliyokwisha ndani ya simu, na tarehe ilikuwa karibu. Akaamua kwenda Kasongo kuipeleka. Aliwaambia majirani kwamba anakwenda kununua chaki.

Njiani kuna kijito, na maji yalikuwa yamebeba daraja la miti. Wenye pikipiki wengine walikuwa wamekaa kando wakingoja. Walimwambia akae nao, maji yatapungua, kesho watavuka wote. Serge aliwasikiliza. Lakini tarehe ilikuwa kesho hiyo, na hakuweza kuwaambia kwa nini hawezi kungoja. Akaingia na pikipiki yake.

Wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo ndio waliouona mwili wake, chini kabisa mwa kijito.

Baada ya mazishi Mama Serge alichukua simu ya Aurélie. Aliifungia ndani ya sanduku la nguo za Serge, na ufunguo akaufunga katika pindo la kitenge chake. Alilala na kitenge hicho. Simu ilimuua mwanangu, alisema, haitaniulia wa pili.

*

Saa ya kula ilipokaribia, kijana mmoja aliingia uwanjani akisukuma pikipiki. Alikuwa na matope mpaka magotini, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga mfuko wa mchele. Alimtafuta mwenye nyumba, akamshika mkono, akampa pole.

"Naitwa Hemedi, mzee. Nimetoka Kasongo. Mimi nilisoma na Serge."

Mzee Placide alishangaa. Alisema Serge hakuwahi kusoma Kasongo.

"Hapana, mzee. Kwa simu."

Placide aligeuza kichwa haraka kuangalia nani amesikia. Mwanawe alikuwa kaburini, na bado alikuwa anaficha. Alimshika kijana mkono, akamwingiza ndani, akamwita mkewe. Aurélie aliwafuata bila kuitwa.

Mama Serge alisimama mlangoni. Hakukaa.

"Wewe ndiye ulimwita Serge kwenda Kasongo?"

"Hapana, Mama. Mimi nilikuwa ninamwita aingie kwenye kundi letu. Alikataa."

Aliulizwa ni kundi gani. Hemedi alieleza polepole, kama mtu anayeogopa kukatwa maneno. Watu wa kwao wana duka la vitambaa Kasongo. Yeye na wenzake walianza masomo yale kila mtu peke yake, kila mtu amejifungia kwake. Wengi waliacha katika miezi ya kwanza. Hawakuwa wajinga. Walichoka tu, na hapakuwa na mtu wa kuona kwamba wamechoka.

Waliobaki walianza kukutana katika duka lake, nyuma ya mafungu ya vitenge, saa ya kufunga. Waligawana somo. Kila mmoja alisoma kipande chake nyumbani, kisha akaja kuwaeleza wengine kwa Kiswahili cha kawaida. Asiyeelewa aliuliza. Mwanzoni waliona haya. Baadaye haya iliisha, kwa sababu anayeuliza leo ndiye anayeeleza juma lijalo.

"Kumbe munafanya TP moja, kila mutu anaandika jina lake," Mama Serge alisema. "Huo ni wizi."

"Hapana, Mama. Hatunakili. Anayenakili anafika kwenye mtihani akiwa mtupu, na walimu wanaona. Kila mtu anaandika ya kwake. Tunaonyeshana tu mahali mtu alipopotea."

Aliendelea. Mwenye mega za intaneti alichukua masomo kutoka mtandaoni na kuwapa wengine kutoka simu hadi simu. Mwenye pano ya umeme wa jua aliwachajia wenzake. Mwenzao mmoja alipojifungua, walimpelekea masomo nyumbani, na mmoja akabeba mtoto wakati mama anasoma. Walimwandikia mwalimu kwamba mwenzao amezaa, na mwalimu akamwongezea muda.

Aurélie aliinua kichwa. "Mtu anaweza kuwaandikia walimu? Nao wanasikia?"

"Wanasikia ukieleza mapema. Antena za huku zilipokufa, tuliandika kundi zima. Tulisema wenzetu wa Kabambare na wa vijiji hawana njia ya kupeleka kazi zao. Chuo kikasogeza tarehe."

"Tarehe gani?" Mama Serge aliuliza.

Hemedi alitazama matope kwenye viatu vyake. Njia nzima alikuwa amejizoeza kusema jambo lile, na bado halikutoka vizuri.

"Ile ya TP aliyokuwa anaipeleka, Mama. Ilisogezwa mpaka mwezi uliofuata. Ilisogezwa kabla hajapanda pikipiki."

Nje wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa. Waliumaliza, wakaanza mwingine. Placide alikaa juu ya kitanda bila kuangalia nyuma kama kitanda kipo.

"Na wewe hukumwambia," Mama Serge alisema.

"Nilituma ujumbe. Haukufika."

"Iko foni."

Foni ni redio ya wafanyabiashara. Iko katika duka la Iliasi, karibu na soko. Simu zikikufa, Kabambare inaongea na Kasongo na Salamabila kwa foni. Iliasi anabonyeza kitufe na kupaza sauti, na yeyote aliye dukani anasikia. Wanaopita njiani pia wanasikia.

"Bei ya mawese inafika hapa kwa foni," Mama Serge alisema. "Habari ya vifo inafika kwa foni. Wewe ulishindwa kuita jina la mutoto yangu?"

"Alinikataza."

"Alikukataza namna gani?"

"Aliniandikia, Mama. Alisema, usiniite kwa foni hata siku moja, mji wote utasikia." Hemedi alisita, lakini maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. "Alisema, mama yangu hataki."

Hakuna aliyemwangalia Mama Serge. Yeye mwenyewe aliangalia mlango, kama mtu anayetaka kujua ni nani ameingia.

Hemedi alisema kwamba siku tarehe iliposogezwa, foni iliita Kabambare. Yuko mwenzao mwingine hapa hapa mjini, wa mwaka mmoja na Serge. Huyo alipata habari. Yeye pia anajificha, kwa hiyo walikubaliana naye kwamba TP itaitwa harusi. Iliasi aliambiwa ampe ujumbe kwamba harusi imesogezwa mbele. Mpaka leo Iliasi anamuuliza harusi ilikuwaje na alivaa kitenge gani.

Siku nyingine wangecheka.

"Ni nani?" Mama Serge aliuliza.

"Niliahidi kutomtaja."

"Anakaa karibu?"

"Karibu sana."

"Alimjua Serge?"

"Alimjua. Hakujua kwamba anasoma. Na Serge hakujua kwamba yule anasoma. Mimi nilijua wote wawili, na wote wawili waliniomba kitu kimoja. Nikawatii." Hemedi alipangusa uso kwa kofia yake. "Ndiyo sababu nimekuja, Mama. Na kwa ajili ya Aurélie. Jina lake nimeliona katika orodha ya mwaka wa kwanza, jina la nyumba hii hii. Nikasema huyu nisimwache vile."

*

Mama Serge alirudi nyuma ya nyumba. Alipindua kinu, akakaa juu yake. Aurélie alikuja kusimama karibu.

"Wale wenye pikipiki walimwambia angoje," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Angejua, angengoja."

"Angengoja."

"Angelala mu kijiji kimoja cha kule. Angekula kitu kibaya. Angerudi hapa analalamika juu ya kunguni, mpaka tumuambie anyamaze."

Aurélie hakumwambia mama yake kwamba hana kosa. Nyumba ile ilikuwa imeshachoka na maneno yasiyo ya kweli. Alikaa chini kwenye udongo, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama, na mama hakumwondoa.

"Nilifikiri ninamulinda," Mama Serge alisema.

"Alijua hivyo, Mama. Lakini kule kilimani alikuwa peke yake. Mimi nilimfuata mara moja. Alikuwa amekaa na simu, analia juu ya hesabu. Mtu mzima, mwalimu. Aliponiona akasema ni vumbi."

Mama Serge alifunga macho. Alikaa hivyo mpaka nyimbo za uwanjani zilipokoma na sauti ya mumewe ikasikika akisafisha koo.

Kwa desturi, siku ya kumaliza kilio mwenye nyumba anawashukuru watu. Anawataja waliosaidia, anasema neno juu ya marehemu, kisha kila mtu anarudi kwake. Placide alikuwa ameanza. Alikuwa anasema kwamba Serge alikwenda Kasongo kununua chaki za wanafunzi wake.

Mama Serge alipita kati ya mikeka mpaka akafika mbele. Wanawake walitazamana, maana mke haingilii maneno hayo. Placide alimwona uso wake, akaacha sentensi katikati, akakaa.

"Serge hakuenda kununua chaki," Mama Serge alisema.

Akawaeleza yote. Hakupamba na hakulia. Alisema Serge alikuwa anasoma kwa simu, na yeye mama yake ndiye aliyemwambia ajifiche. Alisema tarehe iliyompeleka kwenye maji ilikuwa imesogezwa, watu wakashindwa kumwambia, kwa sababu jina lake lilikatazwa kwenye foni.

"Aurélie naye anasoma," alisema. "Nimesema, mumesikia. Anayetaka kuharibu, aharibu. Mimi sina tena kitu cha kuficha."

Watoto waliokuwa wanacheza karibu na pikipiki waliacha mchezo, wakasogea mbele.

"Mu hii Kabambare iko mutu mwingine anasoma hii masomo. Mugeni wetu amekataa kumutaja. Amefanya vizuri. Mimi pia simulazimishi. Lakini namuomba, hata kama ni kesho, hata kama ni kwa siri, aje. Mutoto yangu asisome peke yake kama kaka yake."

Benita alikuwa amesimama kando ya mikeka na beseni la sahani chafu. Aliliweka chini. Aliliweka polepole sana, lakini sahani ziligongana hata hivyo.

"Ni mimi," alisema.

Mama wa mume wake alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele. "Wewe nini?" alimuuliza.

"Ni mimi ninasoma, mama mukwe." Kisha akamgeukia Mama Serge, na sauti yake ikapungua. "Nilijua tarehe imesogezwa. Niliambiwa kwa foni. Asubuhi ile nilimwona Serge anafunga mfuko kwenye pikipiki. Nikamuuliza, unaenda wapi na hii mvua? Akasema, chaki." Benita alishika kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili. "Nikamwambia aniletee na mimi boksi moja."

Aurélie aliziba mdomo.

"Nimeosha sufuria hapa majuma yote haya," Benita alisema. "Sikujua. Mama, kweli sikujua. Tulikuwa na ukuta mmoja. Nilikuwa ninamsikia akikohoa."

Mama mkwe wake alianza kusema. Alitaka kujua tangu lini, na kwa ruhusa ya nani, na kama mwanawe anajua kwamba mke wake anataka kumpita kwa makaratasi. Mama Serge alimgeukia.

"Dada, mutoto yako iko muzima," alisema. "Anakula bugali, analala mu kitanda yake. Muke wake akipata diploma, ye atakufa juu ya nini?"

Wanaume wawili watatu walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Yule mama alivuta kitenge chake begani, akatazama upande mwingine. Hakukubali. Lakini hakusema tena.

Mama Serge alikwenda mpaka kwa Benita. Watu walidhani atampiga au atamkumbatia. Hakufanya hata kimoja. Aliinama, akachukua beseni, akampa shangazi aliyekuwa karibu. Akamshika Benita mkono akampeleka mahali Aurélie aliposimama.

"Kaa hapa," alisema.

Kisha aliingia ndani. Alifungua pindo la kitenge chake, na fundo lilikuwa limekazika sana hata akalifungua kwa meno. Alifungua sanduku. Mashati ya Serge yalikuwa juu, yamekunjwa. Aliyainua yote kwa mkono mmoja, akatoa simu iliyokuwa chini yake, akayarudisha yalivyokuwa.

Alimpa Aurélie simu mbele ya watu. Ilikuwa imekwisha chaji.

"Chumba cha Serge kiko na meza," alisema. "Mutakuwa munakutana mule, siku ya soko, mchana, mulango wazi. Siku hiyo Aurélie haendi shambani, nitakwenda mimi. Benita, siku hiyo watoto wako watakula hapa. Mutu akiuliza munafanya nini, mumuambie. Akitaka kuingia, aingie."

Hemedi alisema kwamba kundi la Kasongo litawapokea wote wawili. Litawatumia masomo, na atakaposafiri mtu wao yeyote atabeba yale yaliyochapwa. Aliwaomba jambo moja tu. Kila mmoja wao ajue namna ya kumpata mwenzake bila simu, na Kasongo ijue namna ya kuwapata wote wawili, rezo iwepo isiwepo.

"Twende," Mama Serge alisema.

Placide aliuliza wapi.

"Kwa foni."

Aliambiwa wageni bado wapo. Aliambiwa angoje hata kesho. Alikuwa ameshashika njia, Aurélie upande mmoja na Benita upande wa pili, na Hemedi nyuma yao na viatu vyake vya matope. Hakuvua kitenge cha kilio. Watu kadhaa waliinuka kwenye mikeka, wakawafuata.

Dukani kwa Iliasi kulikuwa na wanunuzi wa chumvi na wachimbaji wawili kutoka Salamabila waliokuwa wanangoja zamu yao. Walipomwona mama mwenye kilio, walimpisha. Iliasi alivuta redio karibu. Alipomwona Benita, alitabasamu kidogo.

"Kasongo nawaambia nini, Mama? Iko harusi tena?"

"Hakuna harusi," Mama Serge alisema. "Sema wazi. Sema, Kabambare iko na wanafunzi. Aurélie binti ya Placide, mwaka wa kwanza. Benita, mwaka wa pili. Habari yoyote ya masomo, TP, mtihani, tarehe, waite hapa kwa majina yao, mchana, na watu wasikie."

Iliasi alimtazama. Alimtazama Benita, ambaye alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akabonyeza kitufe, akaita Kasongo, akasema yale maneno kama alivyopewa, kwa ile sauti yake ya kupaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita njiani na mzigo wa kuni alisimama kusikiliza.

Redio ilikwaruza. Sauti ya Kasongo ilirudi, ya mbali lakini safi. Ilisema imepokea majina. Ikauliza kama Kabambare ni hao wawili tu.

Iliasi aligeuka kungoja jibu.

"Walikuwa watatu," Mama Serge alisema. "Sema vile. Na jina lake ulitaje."

Iliasi alibonyeza kitufe. Alilitaja jina la Serge, akalitaja na la baba yake, mpaka kule sokoni watu wakageuka.